Mikono Laini ya Fundi Bomba

Hakuna hadithi tamu kuliko hii. Haya, zipo, lakini hii ni fupi.

Kinyozi mmoja alikuwa na binti mmoja na ulimi mrefu. Binti alisomea ufundi bomba katika chuo cha ufundi. Ulimi haukusomea kitu.

Asubuhi moja kinyozi alikuwa akimnyoa mteja ndevu, huku akimwaga habari.

"Chuo cha mwanangu kimeshirikiana na chuo cha ng'ambo. Maana yake nini? Ndege! Nimemkataza kushika vyuma. Atapandaje ndege na mikono kama magome ya mti?"

"Sasa yuko wapi?" mteja aliuliza, kidevu juu.

"Nyumbani. Anajipaka mafuta."

Dada yake kinyozi, aliyekuwa akisubiri zamu yake, aliguna. "Mwache mtoto aende karakana. Fundi wa mikono laini ni fundi wa maneno."

"Dada, mambo ya ng'ambo huyajui."

Mara jirani yao akaingia bila hodi. Alikuwa mwalimu wa ufundi bomba pale chuoni, na ovaroli yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Jirani, binti yako mgonjwa?"

"Buheri wa afya! Anajiandaa kwa safari."

"Ya wapi?"

"Mwalimu nawe! Si ng'ambo?"

Mwalimu akashika kiuno. "Nani kakudanganya? Hakuna mwanafunzi anayesafiri."

Wembe ukasimama hewani.

"Sasa... ushirikiano gani huo?"

"Vyuo viwili vimekubaliana kufundisha kwa kipimo kimoja. Walimu wao wanatuonyesha mbinu zao, nasi tunawaonyesha zetu. Kisha mtahini wao na wetu wanawapima wanafunzi pamoja, hapa hapa. Anayefaulu, cheti chake kinakubalika huku na huko."

"Wanapima nini?"

"Wanakwambia unga bomba. Halafu wanafungua maji. Likivuja hata tone, umeanguka. Mtahini anafika Jumatatu ijayo, na mwanao kasahau hata sura ya spana!"

Kinyozi akarudi kinyumenyume. Akajikuta amekaa mapajani mwa mteja.

"Mwanangu aanguke kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya mafuta," dada yake alimjibu.

Kinyozi alitoka mbio kwenda nyumbani, wembe mkononi. Watu wakampisha njia yote, wengine wakafunga milango.

"Mama, vaa ovaroli!" alimpigia kelele binti yake. "Ndege imekufa!"

Tangu siku hiyo binti alishinda karakana. Jioni alifungua na kuunga tena mabomba ya sinki la dukani, baba akimshikia tochi. Mara ya kwanza maji yaliwarukia wote wawili usoni. Malengelenge yakamtoka viganjani, yakapasuka, yakawa magumu.

Jumatatu mtahini akafungua maji kwa nguvu zote. Akapitisha karatasi chini ya maungio. Ikatoka kavu. Binti akafaulu.

Mwalimu mwenyewe alileta habari dukani.

"Mtahini wa ng'ambo ameona siku alizokosa, anashangaa," alisema. "Anauliza ni nani aliyemzuia fundi hodari hivi asije karakana."

Kinyozi akakohoa. "Shangazi yake. Yule mkaidi! Nilimsihi mpaka nikachoka."

Pazia la mlangoni likasogea. Dada yake alikuwa amesimama pale, mikono kifuani.

"Huyo shangazi mkaidi," aliuliza taratibu, "mimi namfahamu?"