Karatasi ya Baroni Bertrand

Dawati lilinuka mshumaa uliozimwa sasa hivi, ingawa nyumbani kwao Ingleburn, huko ughaibuni, hakuna aliyewasha mshumaa. Arakaza alifungua madirisha yote. Harufu haikutoka.

Mama yake, Mélanie, alipewa dawati hilo na kikongwe wa Kizungu aliyemwajiri kumtunza. Lilikuwa la babu wa kikongwe huyo, Baroni Bertrand, aliyezaliwa katika kasri na kuwa balozi wa mfalme wake katika nchi saba. Alikula meza moja na malkia, akavishwa nishani kifua kizima. Lakini alichojivunia mpaka kufa ni hiki: hakuna chifu wa Afrika aliyewahi kuikataa karatasi yake. Wote walitia dole, wakaamka asubuhi milima si yao.

Jumamosi mchana wakasikia kalamu ikikwaruza. Juu ya dawati palikuwa na karatasi na wino mbichi. Mélanie akachovya dole gumba, akabonyeza.

"Mama! Umetia dole kwenye nini?"

"Sijui, mwanangu. Si nimeikuta hapo?"

Miaka kumi na minne ya kambi ya wakimbizi ilimzoesha hivyo: karatasi ikiletwa, tia dole, usipotia, huli.

Tangu saa ile Mélanie hakuwa na neno lingine ila ndiyo. Mama, una homa? Ndiyo. Umepona? Ndiyo. Dole lake likawa jeusi, baridi kama samaki wa kwenye friji, na weusi ukapanda hadi kiwiko.

Jumapili baada ya ibada, Mchungaji Lazare akaja na Biblia yake. "Pepo mchafu, toka!"

Kiti cha dawati kikalia kwaa. Sauti ya mzee, yenye adabu, ikajibu kutoka kitini pasipo mtu. "Mimi ni balozi, bwana mchungaji. Balozi hafukuzwi na mpita njia. Hufukuzwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba amekubali."

Mchungaji akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. "Binti yangu, ngoja nikaite wenzangu," akanong'ona, na gari lake likaondoka bila hata kuwasha taa ya kukata kona.

Kalamu ikaanza tena, mbio sasa, ikikwaruza juu ya dawati na ndani ya kuta na, kama alivyohisi Arakaza, ndani ya meno yake mwenyewe, na harufu ya mshumaa ikawakaba koo, na karatasi ya pili ikateleza mpaka mbele ya Mélanie, ambaye tayari alikuwa ameinua dole lake jeusi, akitabasamu kama mtu aliyefika mbele ya foleni ya unga.

Arakaza akaidaka. "'Mimi Mélanie nampa Baroni—'"

"Haisomwi!" sauti ikafoka, adabu imekwisha. "Inatiwa dole!"

"Kwetu inasomwa! Mama, sikiliza. Hujawahi kusomewa, leo nakusomea mimi. 'Nampa Baroni binti yangu Arakaza, amtumikie ndani ya dawati hili, milele.' Unakubali?"

"Ndi..." Neno likamkwama Mélanie. Jasho likamtiririka. Akamtazama binti yake, akatafuna hewa, akameza. "Ha... hapana."

Kioo cha dirisha kikapasuka. "Hakuna aliyewahi kunikatalia!"

"Basi mimi nimekukatalia!" Mélanie akasimama. "Babu zetu uliwapata kwa sababu hukuwasomea. Mwanangu simtoi. Nyumba hii ni yangu, hata kama nimepanga. Toka, mzee mwizi, na ubalozi wako!"

Kiti kikaanguka. Nyayo za viatu vya ngozi zikapita sebuleni polepole, zikafika mlangoni, zikasimama hapo, zikingoja kufunguliwa.

"Fungua mwenyewe," akasema Mélanie.