Kiduara Kinachozunguka

Kila Jumatatu masomo yakiisha, Sinapati alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya kamati ya wanawake ya Matautoa, nyumba ya nguzo iliyo wazi pande zote ila ukuta mmoja wa nyuma. Alivua ndala, akaondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta, akabonyeza swichi ya ukutani, kisha kitufe cha kompyuta yenyewe. Ilikuwa kompyuta ya mezani, isiyo na betri, iliyoletwa kwa meli na ndugu wanaoishi Auckland. Ilichukua muda mrefu kuwaka. Sinapati aliutumia muda huo kula panikeke, maandazi ya mviringo aliyokaanga shangazi yake asubuhi.

Shangazi Moelagi alikuwa katibu wa kamati. Macho yake yalimwona mtoto mwenye mafua kutoka upande wa pili wa kijiji, lakini vitufe vya kibodi vilimchanganya. Kwa hiyo walikuwa wamegawana kazi. Akina mama walileta watoto wao wachanga, Shangazi akawaning'iniza mmoja mmoja kwenye mizani, akaandika uzito kwenye kadi ya mtoto, akautaja kwa sauti. Sinapati aliuandika kwenye jedwali la kompyuta, kisha mama akaondoka na mtoto wake na kadi yake.

Katika jedwali hilo kila mtoto alikuwa na mstari wake. Programu ilipiga hesabu yenyewe, na mtoto ambaye uzito wake haukupanda kwa miezi kadhaa, jina lake liligeuka jekundu. Nesi Fuatino alikuja kutoka hospitali mara moja kwa mwezi, siku ya Alhamisi. Kitu cha kwanza alichotaka kuona ni majina mekundu. Na Alhamisi ya wiki hiyo ilikuwa siku yake.

Jumatatu hiyo walimaliza mapema. Shangazi akachukua kikapu chake akapike.

"Hifadhi kazi," alisema. "Subiri kile kiduara kiache kuzunguka. Funga programu, zima kompyuta, ndipo uzime ukutani. Usiruke hata kimoja."

"Ndiyo, Shangazi."

Sinapati hakuhifadhi. Alikuwa amegundua kwamba mistari ya jedwali inaweza kupakwa rangi. Alimpaka binti wa jirani rangi ya machungwa, pacha wa kule mtoni kijani, na mjukuu wa mpiga kengele zambarau. Aliona haikupendeza, akaanza upya. Alipoinua kichwa, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi, na baragumu la kome likalia mara ya kwanza.

Baragumu la kwanza huwaambia watu wajiandae kwa sala ya jioni. Likilia la pili, hakuna anayekanyaga barabara. Vijana husimama kando ya njia wakiwa na fimbo zao, na anayekamatwa akitembea, ukoo wake husemwa mbele ya wazee. Nyumbani kwa kina Sinapati, Babu Tauiliili alikuwa na tabia ya kutazama mkeka mzima kabla ya wimbo kuanza, aone nani hayupo na kwa nini.

Sinapati alibonyeza pa kuhifadhi. Kiduara kikatokea katikati ya kioo, kikaanza kuzunguka. Akakitazama. Akatazama barabara. Kikaendelea kuzunguka, maana rangi zilikuwa nyingi na kompyuta ilikuwa nzito. Akabonyeza swichi ya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Akashika ndala mkononi, akakimbia.

Baragumu la pili lilimkuta akikaa mkekani kando ya binamu yake Uelese, mtoto wa Shangazi, kijana wa miaka kumi na mitano.

"Umefukuzwa na nguruwe?" Uelese alinong'ona.

"Imba," alisema Sinapati.

Siku iliyofuata Shangazi alitaka kuhakiki majina mekundu. Dirisha la programu ya majedwali lilifunguka, likawa jeupe lote, likabaki hivyo. Akalifunga. Akajaribu tena. Likawa jeupe tena.

"Imeshiba," alisema Uelese, aliyekuwa amekuja kuchaji simu yake hapo kwenye kompyuta, kama kawaida yake.

Shangazi aliitazama simu, akautazama waya wake, akamtazama mwanawe.

"Ni hiyo simu yako. Imeleta virusi."

"Mama, simu hii hata wimbo mmoja inaubeba kwa taabu. Itabebaje virusi?"

"Usinijibu. Chomoa. Na magugu yote yaliyoota kwenye kokoto zinazoizunguka nyumba hii yang'olewe kabla Nesi hajafika. Gongo la kriketi usiliguse wiki hii."

"Mama, Jumamosi tunacheza na watu wa Saletoa."

"Watacheza na wenzako."

Sinapati alikuwa amesimama karibu na nguzo. Aliitazama swichi ya ukutani.

Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wa kijiji, aliitwa. Kabla ya kuolewa alikuwa amefanya kazi miaka mingi Apia, katika ofisi moja, kazi ya kutengeneza kompyuta za wenzake zinapogoma. Alikuja na mwavuli wake, akaketi, akafuta miwani kwa ncha ya gauni. Hakuwa na haraka. Alifungua programu ya kuandikia barua, ikafunguka vizuri. Akafungua ya picha, nayo ikafunguka. Akafungua ya majedwali, ikawa nyeupe.

"Mashine ni nzima," alisema. "Inayoumwa ni programu hii peke yake. Nani aliitumia mwisho?"

"Sinapati, jana," alisema Shangazi.

"Ulizimaje, mwanangu?"

Nje, Uelese alikuwa amechuchumaa aking'oa magugu. Mkono wake ulisimama kidogo, kama mtu anayesikiliza.

"Kama kawaida," alisema Sinapati.

"Ulihifadhi, ukasubiri, ukafunga?"

"Ndiyo, Mama Mchungaji."

"Sawa. Basi tuanze na virusi."

Jibu hilo lilimpeleka Mama Mchungaji upande mwingine kabisa. Mchana kutwa aliiacha kompyuta ikijisaka virusi, faili baada ya faili. Haikupata hata kimoja. Akalinakili jedwali, akaenda kulijaribu kwenye kompyuta ya kanisa. Huko programu haikuganda, ila ilimjibu kwamba faili limeharibika, haliwezi kufunguliwa. Asubuhi ya Jumatano akaiondoa programu ya majedwali, akaipakua upya kwa mtandao wa kanisa, ambao siku hiyo ulikwenda kama konokono. Mpaka saa nane mchana programu mpya ilikuwa ndani. Akaifungua. Ikawa nyeupe.

Alikuwa na desturi ya kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha kujaribu. Alisema mtu akigusa vitu vitatu kwa mpigo, hata akipona hajui dawa ni ipi. Sasa vitu vya kugusa vilikuwa vimemwishia.

Sinapati alipotoka shule aliwakuta wote wawili mbele ya kioo.

"Kuna nakala ya jedwali pembeni?" Mama Mchungaji alikuwa akiuliza.

"Pembeni wapi?" aliuliza Shangazi.

Mama Mchungaji alivua miwani. "Basi, Moelagi, limebaki jambo moja. Nitaifuta kompyuta yote, iwe kama ilivyotoka kiwandani. Programu itafanya kazi. Lakini jedwali la mwaka mzima tutakuwa tumelizika. Huenda virusi vimeshalila na kuondoka."

"Na Nesi kesho?"

"Kesho utamwambia ukweli. Akina mama walete kadi zao, mwanze upya."

"Wengine kadi zao ni za mwezi huu tu. Za zamani mvua ilizila." Shangazi alikaa chini kwenye mkeka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi saa za kazi. "Yule mtoto wa Salote nilikuwa na mashaka naye. Iutita. Ukimtazama ni mnene. Lakini sikumbuki mwezi uliopita alikuwa na uzito gani. Nilikuwa naitegemea hiyo kompyuta."

Mama Mchungaji alifungua ukurasa wa kufuta. Kompyuta ikauliza kama ana hakika. Akapeleka kipanya kwenye neno *ndiyo*.

"Usifute," alisema Sinapati.

Mkono wa Mama Mchungaji ulibaki palepale. Hakugeuka.

"Kwa nini?"

"Sikuzima kama kawaida. Nilizima ukutani. Kiduara kilikuwa bado kinazunguka."

Nje, kokoto ziliacha kusogea chini ya mikono ya Uelese.

"Ulikuwa unafanya nini mpaka ukachelewa?" Shangazi aliuliza.

"Nilikuwa nawapaka watoto rangi."

Uelese aliingiza kichwa kati ya nguzo. "Mimi nang'oa magugu kwa sababu ya *rangi*?"

"Rudi kwenye kokoto," alisema mama yake, lakini sauti yake haikuwa na nguvu ile ya jana.

Mama Mchungaji aliondoa kipanya kwenye lile neno, akaufunga ukurasa. Akavaa miwani.

"Njoo hapa uketi," alimwambia Sinapati. "Rangi ulianza baada ya kuandika uzito wote?"

"Ndiyo."

"Na kabla ya hapo hukuwa umehifadhi hata mara moja?"

"Hapana."

"Vizuri. Sasa najua ninachokitafuta. Umeme umekatika programu ikiwa katikati ya kuandika. Faili limebaki nusu. Na programu hii ina uaminifu wake: kila ikiamka inataka kwanza kumalizia kazi iliyoachwa. Inalishika lile faili bovu, linaikwama kooni. Nimeweka programu mpya, nayo imekuta imewekewa mfupa uleule."

"Kwa hiyo jedwali limekufa?" aliuliza Shangazi.

"Lile lililokuwa mkononi limekufa. Lakini programu hujiwekea nakala za siri kila kazi inapohifadhiwa salama. Ningefuta, ningezifuta nazo."

Alimwonyesha Sinapati kitufe cha kukandamiza wakati wa kuifungua programu, ili iamke tupu, bila kukumbuka kazi yoyote. Dirisha likafunguka. Halikuwa jeupe. Mistari ya jedwali tupu ilitulia kwenye kioo, na Shangazi akatoa pumzi. Kisha Mama Mchungaji akaingia kwenye folda moja ndani ya nyingine, mahali ambapo Sinapati hakujua kama pana folda. Alilitoa faili bovu, akaliweka kando bila kulifuta. Chini yake palikuwa na nakala. Akaifungua.

Majina ya watoto wa Matautoa yakajipanga, mwezi baada ya mwezi. Hayakuwa na zile rangi za Sinapati. Safu ya mwisho, ya Jumatatu hiyo, ilikuwa tupu.

"Hapo ndipo pengo lako," alisema Mama Mchungaji. "Uzito wa Jumatatu uko kwenye kadi, na kadi ziko majumbani. Jua bado liko juu."

Sinapati alivaa ndala. Kila nyumba aliyofika, aliketi kwanza ukingoni mwa mkeka kama mtoto mwenye adabu, akaomba kadi. Na kila nyumba ilimuuliza swali lilelile: si mliandika Jumatatu? Akajibu lilelile: niliandika, nikaharibu. Wengine walicheka, wengine walimpa kadi bila neno. Bibi wa mtoto wa zambarau alimpa kipande cha shelisheli cha kula njiani, akamwambia asidondoshe makombo kwenye kompyuta.

Aliporudi, Shangazi alisoma, Sinapati akaandika. Alipofika kwa Iutita, jina liligeuka jekundu. Shangazi aliitazama kadi mara mbili.

Sinapati alibonyeza pa kuhifadhi. Kiduara kikaanza kuzunguka, na palepale baragumu la kwanza likalia. Akajikuta ameinuka nusu.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mama Mchungaji.

"Nyumbani. Sala."

"Kwani hapa hakuna paa?" Mama Mchungaji alikuwa ameshashuka kwenye kiti, akitandaza gauni lake mkekani. "Sala inataka uwe ndani na utulie. Haikutaja nyumba ya nani."

"Babu ataniuliza nilikuwa wapi."

"Atakuuliza, utamjibu."

Uelese aliingia akipangusa udongo mikononi, akaketi. Baragumu la pili likalia. Waliimba wakiwa wanne, huku mwanga wa kioo ukiwaangukia mabegani, na Sinapati akiwa amefumba jicho moja tu. Katikati ya ubeti wa pili kiduara kilitoweka.

Nesi Fuatino alifika Alhamisi na gari la hospitali. Alitazama majina mekundu, akaomba kumwona Iutita. Alimminya mguu kwa kidole gumba, na kidole kilipoondoka shimo lilibaki. Alimwambia Salote ajiandae, wanaondoka pamoja naye.

"Unene huu ni maji," alisema. "Umefika kwa wakati, mama. Mwezi mmoja zaidi ningekuwa na maneno mengine."

Wakati Salote akikusanya nguo, Uelese alimhadithia Nesi habari yote, hakuacha hata magugu. Shangazi alimwacha amalize. Kisha akamwekea mwanawe mbele bakuli zima la panikeke, akasema gongo la kriketi liko nyuma ya sanduku la mikeka.

Nesi alimgeukia Sinapati.

"Mama akiniletea mtoto, swali langu la kwanza ni moja: ilianzaje? Hata kama alimwangusha, hata kama alimpa kitu kisichofaa. Akinificha, nitatibu ugonjwa ambao mtoto hana, na ule alio nao utaendelea. Kuzima ukutani ni kosa, lakini lilikuwa dogo. Mama Mchungaji alilimaliza jioni moja. Kilichokula siku mbili, na karibu kikatunyima jina la huyu mtoto, ni lile neno lako, 'kama kawaida'. Ukiharibu kitu, mtu wa kwanza kumwambia ni yule anayekitengeneza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Nesi."

"Basi andika: Iutita amepelekwa hospitali leo."

Sinapati aliandika. Alihifadhi. Dereva alipiga honi nje, na Uelese akasema kwa mdomo uliojaa kwamba gari linaondoka, waende wakampungie mkono Salote.

"Tangulieni," alisema Sinapati, akaweka mikono mapajani, akakitazama kiduara mpaka kilipokwisha.