Mbao Kumi na Nane za Paini

Jumatatu asubuhi, mtunza bohari Kasmiri alifungua bohari la mradi wa zahanati ya Bukima, pale Musoma mjini, akakuta mbao kumi na nane hazipo. Kufuli zima. Bati zima.

Mbao za bohari lile zilikuwa za kuezekea wodi ya wazazi na kupigia dari. Zilitoka Iringa, zikalala miaka miwili zikingoja saini. Mkubwa mmoja alikuwa anamngoja mkubwa mwenzake. Wajawazito wa Bukima nao wakangoja, na waliochoka kungoja walizikwa. Kwa hao hakuna aliyeita polisi. Kwa mbao waliita.

Alikuja Inspekta Makongoro.

"Zimeibwa zipi?"

"Paini, afande. Nyembamba, inchi sita kwa moja."

"Na hii?"

"Hiyo mninga. Hakuigusa."

"Mninga si ndiyo ya thamani?"

"Sana. Huyu mwizi mshamba kweli!" Kasmiri alicheka peke yake. "Lakini mninga mzito, afande, mtu mmoja habebi. Paini nyepesi, inarandika vizuri, inashika msumari. Tena hizi zimekauka, hazipindi. Ubaya wake mchwa, na ukiiweka nje inaoza."

"Watu wanajengea nini?"

"Nene ni kenchi za paa. Nyembamba ni dari."

"Nene zimeguswa?"

"Hata moja."

Makongoro alizunguka nyuma. Ukuta ulikuwa wa mabanzi. Mawili yalikuwa na misumari mingine, ya zamani iliyonyooshwa, kama watu wote walivyokuwa wakifanya mwaka ule wa themanini na tatu, dukani hamna kitu. Mwizi alikuwa ameyabandua, akapita, kisha akayarudisha na kuyapigilia sawasawa.

"Mwizi gani anatengeneza anapobomoa?" Kasmiri aliuliza.

"Fundi," alisema Makongoro. "Hawezi kuacha ubao unaning'inia. Roho inamuuma."

Aling'oa msumari mmoja. Ncha yake ilikuwa imegongwa ikawa butu. Banzi halikuwa na ufa hata pembeni kabisa.

Siku tatu alizunguka kwa mafundi wa Musoma, akaenda mpaka Bunda. Kila fundi alimpa kipande cha paini na msumari. "Nipigilie hapa, pembeni." Wote walipigilia. Wote walipasua.

Siku ya nne alifika Kamunyonge kwa fundi Hamduni, mtu mwembamba, mvi kichwani, vumbi la randa mpaka kwenye kope. Hamduni aligeuza msumari, akaugonga ncha mara mbili, ndipo akapigilia. Ubao ukatulia.

"Kwa nini unagonga ncha?"

"Ncha kali inapanua ubao, unapasuka. Butu inajikatia njia. Marehemu baba alikuwaga anafanya hivyo."

"Fundi, twende ukanionyeshe dari yako."

Nyundo ilishuka polepole mezani.

"Nani kakwambia nina dari?"

"Wewe. Sasa hivi."

Nyumba ilikuwa hatua chache nyuma ya karakana. Chumba kilinuka utomvu wa paini na oili chafu aliyopaka juu kuzuia mchwa. Chini ya dari mpya kulikuwa na kitanda, na kitandani mama mmoja aliyekonda, macho makubwa.

"Karibu mgeni," alisema. "Samahani, siinuki."

"Usijisumbue, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Walitoka mlangoni.

"Ulichukua wewe?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Nne nne, kwa bega."

"Unajua huu ni uhujumu uchumi? Watu wanafungwa miaka."

"Najua, afande. Mke wangu Mwanaamina ana ugonjwa wa moyo. Daktari alisema asishtuke. Mvua ikipiga bati anaruka, moyo unakimbia, anakamata shuka kama anazama. Jua likiwaka, bati linamchoma. Niliomba kibali cha mbao mara nane. Nane! Mkubwa akanambia dari siyo dawa. Kwake juzi nilipita, kapiga dari mpaka banda la gari."

"Na wajawazito wa Bukima?"

Hamduni aliinamisha kichwa. "Hao nimewaibia. Hao ndio siwezi kuwatazama."

Makongoro aliomba penseli ya fundi. Akarudi ndani, akapanda juu ya stuli, akaandika kwenye kila ubao: kielelezo namba moja, namba mbili, mpaka kumi na nane.

"Kielelezo hakiondolewi mpaka hakimu aamue," alisema aliposhuka. "Foleni ya kesi ni ndefu. Mwenye haraka aniandikie barua. Na mimi nitangoja saini."

"Na mimi?"

"Wewe tunaondoka pamoja. Nani atakaa naye?"

"Dada yake, Kijakazi. Yuko hapo jirani."

"Mwite."

Kijakazi alipofika na kuingia ndani, mvua ya ziwani ilikuwa imeanza kumwagika. Uani maji yaliruka, na hao wawili mlangoni walilowa mabega. Ndani mvua ilisikika kwa mbali tu, kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili.

"Baba Omari," Mwanaamina aliita kwa usingizi, "mvua imepita?"

Hamduni alijifuta uso.

"Imepita, mama. Lala."

Makongoro hakutoa pingu. Alisimama mvuani, kofia mkononi, mpaka Kijakazi alipotokeza kichwa akasema amelala.