Chanzo Kisichotaka Kutajwa

Kwanza yalikuwa matope. Libérata alirudi kutoka kuchota maji akakuta nyayo za buti juu ya sakafu aliyotoka kuipiga deki, toka mlangoni mpaka kwenye kiti cha mume wake. Nyayo za kuingia tu.

"Guylain, nani ameingia humu?"

"Hapana muntu," mume alijibu, macho kwenye kompyuta. Aliandikia gazeti moja la Goma maoni ya siasa, na wakubwa wa Walikale walimwogopa kwa sababu watu waliompa habari hawakuwa na majina. Libérata hakupata nafasi ya kumsoma. Magazeti yake aliyafungia mandazi.

Kisha ikaja harufu ya udongo wa shimoni. Kisha Kétsia, binti yao mdogo, akaanguka kwa homa. Sindano za kituo cha afya hazikusaidia kitu. Mama alipomwinua ili baba amnyweshe maji, mtoto alifungua macho, na koo lile dogo likatoa sauti ya mwanaume anayekabwa:

"Usiweke jina yangu."

Kikombe kilimponyoka Guylain.

Libérata akamwita Mama Noëlla, mganga wa Itebero. Alifika mchana, mvua ikinyesha, rozari shingoni, mizizi kapuni.

"Mukatoliki na mizizi?" Guylain alijaribu kucheka.

"Papa Gazeti, mizizi ni nani ameiotesha?" Alimnusa mtoto. "Huyu ni muntu alikufa, hakuna mwenye amemulilia. Jina yake itajwe mara moja tu, pale mlangoni, ataenda. Nani anaijua?"

Guylain alitazama chini. "Nilimuapia sitaitaja."

"Mutoto iko nakufa," Libérata alinong'ona, "na wewe uko nalinda jina?"

Harufu ikazidi, na paa likaanza kulia kana kwamba mtu anatembea juu yake kwa buti nzito, na Kétsia akapinda mgongo huku matope meusi yakimtoka mdomoni, na Libérata akayapangusa kwa kitenge, akapangusa tena, na kila alipopangusa yalitoka mengine, mpaka Guylain akasimama mlangoni, akashika mwimo kwa mikono miwili na kulia:

"Akilimali, enda!"

Paa likanyamaza.

Libérata alikuwa na Akilimali mmoja tu: mdogo wake wa tumbo moja, aliyembeba mgongoni kabla hajazaa wake, na ambaye sasa alipima madini kwenye machimbo ya Omate.

"Jina sikuiweka," Guylain alisema. "Niliandika tu, muntu wa mizani ameona malori ya mukubwa inaiba madini."

"Mizani ya pale iko na muntu mumoja, Guylain."

Nje, kwenye mvua, kitu kilikuwa kinaondoka polepole, matope yakikivutavuta miguu. Libérata alikimbilia mlangoni, akajaza kifua hewa amwite. Mkono wa Mama Noëlla ukamziba mdomo.

"Usimuite, mama. Leo, kesho, hata siku ya kumulilia. Ukimuita, atarudia kwa mutoto."

Nyuma yake Kétsia aliomba uji, kwa sauti yake mwenyewe.

Libérata alisimama mpaka hakusikia tena zile hatua. Kisha akaenda kuwasha moto, midomo ameikaza, na hata moshi ulipomwingia machoni hakuthubutu kuifungua.