Wimbo wa Kuimbia Harusi ya Jeruto

Nilikuwa nimeenda Kimumu kutafuta uzi wa gitaa, basi. Jua lilikuwa linazama, baridi ya Eldoret imeanza kuuma vidole, na kesho yake ilikuwa harusi ya rafiki yangu Jeruto. Mchana ule tulikuwa tumefanya mazoezi kanisani. Nilipomaliza tu ubeti wa mwisho, uzi mwembamba kabisa ukakatika.

Jeruto na mimi tulikaa dawati moja tangu shule ya msingi. Alikuwa anaimba muziki wa country kwenye hoteli za mjini wikendi, na wakulima wazima wa mahindi walikuwa wakivua kofia wakimsikiliza. Halafu mwaka jana sauti ikapotea. Akabaki wa kunong'ona. Hospitalini waliangalia koo lake, hawakuona kitu.

Posa ilipokuja, alinijia na gitaa lake.

"Shiko, niimbie harusini," alininong'oneza. "Ule wimbo wangu wa mlango. Mimi siwezi tena, na wewe ndiye dada yangu. Nani mwingine nitamwomba?"

Sikuwa nimewahi kushika gitaa maishani. Alinifundishia jikoni kwake mchana baada ya mchana, akiniwekea vidole kimoja kimoja juu ya nyuzi. Chord ya G. Halafu C. Halafu D, ile iliyonitoa machozi. Ncha za vidole zilichubuka, zikapona, zikawa ngumu. Nilipoweza kubadilisha bila kuangalia mkono, Jeruto alinikumbatia akalia.

Wimbo wenyewe ni wa polepole. Mwanamume anatoka mbali kwenye mvua, anafika kwa msichana wake, anakuta mlango umefungwa. Anabisha. Anaita. Ubeti baada ya ubeti hakuna anayemjibu. Ni katika ubeti wa mwisho ndipo msichana anafungua na kumwambia: ingia, ni mimi fulani, ingia ukae.

"Hapo kwa fulani utaweka jina lako," Jeruto aliniambia. "Ndio wageni wajue ni nani anaimba. Lakini huo ubeti tuuweke kwanza. Utauimba tukiwa kanisani."

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kila nilipofanya mazoezi, jiko lilinuka koti lililolowa maji. Hata siku za jua kali.

Duka la Mzee Ng'ang'a ni dogo, limejaa redio mbovu na magitaa yaliyopasuka. Aliponiona mlangoni alitabasamu. Alipoona gitaa, tabasamu likaisha.

"Hii gitaa umetoa wapi?"

"Ni ya rafiki yangu, Mzee. Jeruto." Sauti yangu ilikuwa imekwaruza tangu mchana. Nilidhani ni homa.

Alifunga mlango. Akasogea karibu sana.

"Umeimba?" alinong'ona.

"Nini?"

"Wimbo wa mlango. Umeimba mpaka mwisho?"

"Leo. Kanisani..."

"Ukataja jina lako?"

Nilifungua mdomo kumjibu.

Hewa tu.

Nilijaribu tena. Koo lilisukuma, ulimi ulisogea, na hakuna kilichotoka. Halafu ile harufu ikaja. Koti lililolowa. Karibu, kama mtu aliyesimama nyuma ya bega langu akidondosha maji.

Mzee Ng'ang'a aliketi kwenye kiti chake, akashika kichwa.

"Hiyo gitaa ilikuwa ya kijana wa Sugoi, Stephen. Usiku mmoja wa mvua alienda kwa msichana aliyemwahidi kumngoja. Hakufunguliwa. Asubuhi walimpata hapo nje mlangoni amekufa kwa baridi, gitaa mgongoni. Wimbo ni wake. Anayeujifunza, Stephen anakuja kubisha kwake. Ukitaja jina, umemfungulia."

Nilitikisa kichwa.

"Huyo rafiki yako alikuja hapa mwaka jana, hana sauti. Kuna mtu alikuwa amemwambia atakuwa huru akipata wa kumfungulia mahali pake. Lakini awe mtu anayempenda kwa kweli. Wa kulipwa hafai. Ni nani alimwambia, hakusema, na mengine hata mimi siyajui. Mimi nilimwambia, msichana wangu, choma hiyo kitu, ukubali kunyamaza. Alilia hapo hapo umesimama." Aliniangalia. "Nilifikiri alinisikia."

Nilitoka nikakimbia barabarani na gitaa mkononi, nikapungia bodaboda ya kwanza niliyoona. Sikuweza hata kumwambia dereva ninakoenda. Nilimwonyesha kwa kidole, kona baada ya kona. Moyoni nilikuwa namtetea Jeruto. Hakujua. Hakumwelewa Mzee. Hawezi. Si mimi.

Nilipokaribia lango lake, nilisikia mtu anaimba.

Nilisimama.

Ilikuwa sauti yake. Ile ile nene, safi, ya siku za hoteli. Ndani kulikuwa na vigelegele, shangazi zake wakipiga makofi, mmoja akilia, "Haleluya! Mungu amemrudishia!"

Nikapita mlango wa jikoni. Jeruto alinikuta pale, hina ikiwa mbichi mikononi. Aliponiona uso, akajua nimejua. Hakukana.

"Shiko, sikia..."

Nilimshika mabega. Nilitaka kumuuliza swali moja tu. Aliusoma mdomo wangu.

"Kwa nini wewe?" Alifuta machozi kwa kiwiko asiharibu hina. "Nilijaribu na wengine. Nilijaribu mpaka na binamu yangu. Aliimba wote, akataja jina, hakuna kilichotokea. Ndio nikajua hanipendi vile nilidhani." Akashusha macho. "Kwako sikuwa na shaka. Aki, Shiko, nilikuwa naenda kuolewa na mwanaume ambaye hajawahi kusikia nikicheka."

Nilimpiga kofi. Halafu nikamwekea gitaa miguuni nikaondoka.

Harusini nilienda. Msiniulize sababu, nilikuwa matroni wake, wa kumsimamia, na watu wangeuliza. Nilivaa gauni, nikanyamaza, wakaambiwa nina homa ya koo. Jeruto alisimama mbele akajiimbia mwenyewe, wimbo mwingine, na kanisa zima likalia kwa furaha. Mchungaji alimpa maikrofoni atoe ushuhuda. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru bwana yake. Mimi hakunitaja.

Wakati wa kupiga picha alinikumbatia kwa nguvu, mdomo sikioni.

"Usihangaike na mtu asiyekupenda," alinong'ona. "Haitashika."

Siku iliyofuata gitaa nililikuta mlangoni kwangu. Nikalichoma nyuma ya nyumba mpaka likawa majivu. Haikusaidia kitu. Jua likizama, harufu inaingia, koo langu linafunguka lenyewe, na mwanamume anaimba humo ndani. Polepole. Vizuri sana. Majirani hudhani ni redio.

Mama yangu, Waiyego, alitoka Moiben akaja kukaa na mimi. Nilimwandikia yote kwenye simu, akasoma, hakuuliza kama nimerukwa na akili. Jioni ya kwanza alikaa kitandani kwangu akasikiliza huyo mtu akiimba kutoka mdomoni mwa mtoto wake. Hakukimbia. Alinishika mkono mpaka huyo mtu akanyamaza.

Kisha akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja magotini.

"Nifundishe huo wimbo," alisema. "Mimi ni mzee. Nimeongea ya kutosha."

Nilitikisa kichwa kwa nguvu. Nikalia. Nikaisukuma mikono yake mbali.

Alirudia kesho yake. Na kesho kutwa.

Jana amekuja na gitaa jipya, limefungwa kwa leso yake. Ameliweka mezani, akaenda kupika chai.

Leo hajauliza. Ameketi tu, ananitazama, ananingoja.

Na mimi bado sijatikisa kichwa.