Jicho na Fomu ya Duka la Viatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jicho alifanya kazi tatu: alitandika kitanda, alipiga viatu rangi, kisha aliyachunguza maziwa. Hii ya tatu hakutumwa na mtu. Aliyamimina kidogo kwenye glasi, akaiinua dirishani, akatazama kama muuza maziwa ameongeza maji. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mwalimu. Nyumbani na mtaani aliitwa Jicho, na mwenyewe alilipenda.

Msichana huyu wa miaka kumi na miwili alimshuku kila mtu. Alimshuku muuza maziwa. Alimshuku mpangaji wa chumba cha uani, eti kwa nini kila siku anatoka na mifuko miwili na kurudi na mmoja. Alimshuku hata paka wa jirani, na huyo, tuseme ukweli, alimshuku kwa haki.

Aliishi na shangazi yake, ambaye kwa miaka tisa alikuwa mpokea wageni katika hoteli ndogo, mpaka hoteli ikafungwa. Miezi minne Shangazi alizunguka na barua za kuomba kazi, akirudi mikono mitupu. Ndipo siku moja aliporudi anatabasamu na kusema amepata kazi ya kuwa mteja wa siri.

Jicho aliweka kikombe chini. "Mteja wa siri ndiyo nani?"

"Ni mtu anayeingia dukani kama wewe na mimi. Anauliza bei, anahudumiwa, anatoka. Wahudumu hawajui kwamba ametumwa. Akishatoka anajaza fomu: alisalimiwa? Alisubiri kwa muda gani? Palikuwa safi? Mwenye duka anasoma, anajua wateja wake wanatendewa vipi."

"Kwa hiyo ni kuwapeleleza watu."

"Ni kuwaangalia kwa haki."

"Na hiyo kampuni, ofisi yake umeiona?"

Shangazi akacheka. "Nimepanda ngazi zake, nimekalia viti vyake, nimefundishwa siku mbili nzima. Kunywa chai yako, inapoa."

Kumbe kupewa kazi si kuipata. Kazi zote zilikuwa kwenye orodha ndani ya simu, na kila mteja wa siri alijichagulia. Shangazi alipoifungua mara ya kwanza, karibu kila mstari ulikuwa umeandikwa "imechukuliwa", na iliyobaki ilikuwa ya wazoefu tu. Mgeni kama yeye aliachiwa makombo. Alifungua orodha alfajiri, akaifungua jioni, patupu.

Jicho akaivalia njuga. Alichukua daftari kuukuu akaanza kuandika saa ambazo orodha ilibadilika. Siku za shule aliandika Shangazi, siku za mapumziko aliandika yeye. Baada ya wiki mbili walikuwa wameligundua jambo. Wazoefu walikuwa wakizikamata kazi alfajiri, nyingi kuliko walizoweza kuzifanya, na walizoshindwa walitakiwa kuzirudisha kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo saa sita ndiyo saa ya wageni.

Katikati ya wiki hizo ujumbe uliingia kwenye simu: "Hongera. Una kazi ishirini zinakusubiri. Tuma ada ya kufunguliwa orodha kabla ya saa kumi." Shangazi, aliyekuwa amechoka kusubiri, alikwisha kushika simu ili atume.

"Ngoja kwanza, Shangazi," Jicho akasema. "Wamekufundisha siku mbili bila kukudai kitu. Leo wanakudai kwa ujumbe, tena kwa haraka hivi?"

Shangazi akapiga simu ofisini. Akajibiwa kwamba kampuni haitozi ada yoyote, na kwamba hao ni matapeli. Aliishusha simu taratibu akamtazama Jicho. "Wangenila mchana kweupe," akasema. "Asante, mwanangu."

Kichwa kikamvimba Jicho. Tangu siku hiyo aliamini kwamba akishamshuku mtu, basi huyo mtu ana lake jambo. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Jumamosi, saa sita na dakika mbili, mstari mmoja ulifunguka: "Duka la viatu. Mteja aje na mtoto wa shule. Si lazima kununua." Jicho aliugusa kabla hata hajamwita shangazi yake.

Njiani Shangazi alimweleza masharti. Ripoti ya kwanza ya kila mgeni husomwa neno kwa neno na mhakiki wa kampuni. Ikiwa ndani yake mna jambo la uongo, mgeni huyo hufungiwa orodha moja kwa moja. "Hii ndiyo kazi niliyonayo, Jicho. Sina nyingine. Kwa hiyo tufungue macho na tufunge midomo."

Duka lilikuwa refu na jembamba, likinuka ngozi na gundi. Mhudumu alikuwa mmoja tu, msichana mwenye kibandiko kifuani kilichosema "niko mafunzoni".

"Karibuni, mama. Karibu, mdogo wangu," alisema. Alimkalisha Jicho kwenye kigoda, akampima mguu kwa ubao wa kupimia, akamletea jozi mbili. Moja ilibana, nyingine ilipwaya.

"Nisubirini kidogo," akasema, akapotelea nyuma ya pazia la stoo.

Shangazi, kama fomu ilivyotaka, alisogea upande wa pili wa duka kuangalia kama vibandiko vya bei vinasomeka. Jicho akabaki kigodani, macho kwenye pazia. Dakika moja ikapita. Dakika tatu. Kutoka nyuma ya pazia alisikia sauti ya mhudumu ikiongea chinichini, ikinyamaza, ikiongea tena. Kisha akacheka. Dakika saba.

Ahaa, Jicho akajisemea. Anapiga soga huyu.

Mhudumu alipotoka aliomba radhi, akasema saizi ile haipo dukani, akaomba namba ya simu ili awajulishe ikipatikana. Shangazi akampa. Jicho akamtazama kwa pembe ya jicho. Namba ya nini tena, kama si kujikosha?

Nyumbani Shangazi alivaa miwani, Jicho akishika simu na kujaza. Alisalimiwa? Ndiyo. Mtoto alipimwa mguu? Ndiyo. Walifika swali la tisa: "Je, mhudumu alimwacha mteja ili kufanya mambo yake binafsi?"

"Mimi nilikuwa upande ule," Shangazi akasema. "Nyuma ya pazia alikuwa akifanya nini?"

"Alikuwa akipiga soga na rafiki yake kwa simu. Anacheka, sisi tumekaa."

Shangazi akavua miwani. "Ulimwona?"

Jicho hakupepesa macho. "Nilimwona."

Basi ikaandikwa hivyo, ikatumwa. Kwenye simu pakatokea maneno: "Inasubiri mhakiki. Majibu ni Jumatatu saa kumi na moja jioni."

Jumatatu Jicho alirudi kutoka shuleni saa tisa na nusu. Shangazi alikuwa uani akianua nguo. Jicho alichukua simu aangalie kama kuna kazi mpya, mara ikaita mkononi mwake.

"Habari, ni duka la viatu hapa," ilisema sauti ya yule mhudumu. "Naongea na yule mama wa Jumamosi?"

"Ni mtoto wake."

"Aa, mdogo wangu. Viatu vyako vimepatikana. Siku ile nilimpigia mwenzangu wa duka letu la pili akavitafute. Akaniambia amepanda juu ya ngazi, vumbi limemwingia puani, anapiga chafya mfululizo, ikabidi nicheke. Nimekuwa nikijilaumu kwamba niliwaacha muda mrefu bila kuwaeleza. Mniwie radhi, bado najifunza. Wiki hii ndiyo wanaamua kama nitabaki kazini. Mwambie mama vipo, nimewawekea."

Jicho alisema asante, au labda hakusema; baadaye hakukumbuka. Alisimama katikati ya chumba. Alitazama saa ya ukutani: saa tisa na dakika arobaini. Alifungua ripoti. Ilikuwa bado inasubiri mhakiki.

Shetani wake akamnong'oneza. Nani atajua? Ulikuwa peke yako pale. Ukisema, Shangazi atafungiwa orodha, na ni wewe utakuwa umemfungia. Ukinyamaza, atakayeondoka ni mtu usiyemjua hata jina.

Alikaa kitandani, akasimama, akakaa tena. Kila alipofumba macho alikiona kile kibandiko: niko mafunzoni. Yule naye alikuwa mgeni kazini, sawasawa na Shangazi. Mwishowe alijikaza, akatoka uani.

"Shangazi, nimesema uongo."

Shangazi akashusha shuka alilokuwa amelishika. Jicho alimweleza yote, kuanzia pazia hadi simu, akilia. Alisubiri akaripiwe, lakini Shangazi hakukaripia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Hukuona chochote," Shangazi akasema.

"Sikuona."

"Lete simu."

Mhakiki alikuwa mwanamke mwenye sauti kavu. Shangazi aliweka simu ili wote wawili wasikie, akamweleza kwamba swali la tisa lilijibiwa vibaya.

"Umetuma Jumamosi, leo ndiyo unabadilisha," Mhakiki akasema. "Kwa nini? Mmefahamiana na huyo mhudumu?"

"Hapana."

"Amekupigia simu?"

Shangazi akamtazama Jicho. "Amepiga, ndiyo. Ametwambia viatu vimepatikana."

"Ahaa. Amepiga, na saa hiyohiyo unataka kumsafisha. Amekuahidi nini?"

Jicho alihisi uso unamwaka moto. Shangazi yake hakuahidiwa kitu. Shangazi yake alikuwa akisema kweli tupu, na kila neno alilosema lilizidi kumfanya aonekane mwizi. Kwa mara ya kwanza maishani Jicho alikaa upande wa pili wa jicho la kushuku, na hakuupenda hata kidogo.

"Ni mimi," akasema kwa sauti. "Mimi ndiye mtoto aliyepimwa viatu. Shangazi aliniuliza kama niliona, nikasema niliona. Sikuona."

Mhakiki akasema, "Uliona nini, basi? Nataka ulichoona tu."

"Aliingia nyuma ya pazia. Akatoka baada ya dakika saba."

"Ulisikia nini?"

"Sauti yake. Na alicheka. Maneno sikuyasikia."

"Alisema anakwenda kufanya nini?"

"Alisema tumsubiri kidogo. Hakutueleza zaidi."

"Na habari ya kupiga soga?"

"Hiyo nilidhani."

Waliisikia kalamu ikikwaruza karatasi. "Ripoti hii naifuta," Mhakiki akasema. "Imeshabadilishwa baada ya kutumwa, siwezi kuipeleka kwa mwenye duka. Nitatuma mtu mwingine. Mama, kazi hii haitalipwa. Orodha siifungi, kwa sababu mmepiga wenyewe kabla sijawapigia. Lakini nitasoma kila neno lako kwa miezi mitatu."

"Soma," Shangazi akajibu. "Asante."

Wiki ile nzima Jicho alifua nguo zake mwenyewe bila kuambiwa na hakuyainua maziwa dirishani. Jumamosi walikwenda kuchukua viatu, kwa sababu vyake vya zamani vilikuwa vimetoboka kweli. Yule msichana alikuwepo. Kifuani mwake kile kibandiko hakikuwepo tena. Pale palikuwa na kingine kilichosema "mhudumu". Jicho alifunga kamba za viatu vipya polepole sana, kwa sababu hakuweza kumtazama usoni.

"Vinakubana, mdogo wangu?"

"Hapana, dada. Vimenikaa vizuri. Asante kwa kuvitafuta."

Walipotoka ilikuwa saa sita na dakika tano. Shangazi alitoa simu, akamkabidhi Jicho bila kusema neno. Jicho aliipokea kwa mikono miwili, akafungua orodha. Mstari mmoja ulikuwa wazi: duka la mikate, mitaa miwili kutoka pale.

Walikwenda, wakanunua mkate mmoja, wakakaa kwenye benchi nje ya posta kujaza fomu. Swali la nne liliuliza: "Je, mhudumu alinawa mikono kabla ya kushika mkate?"

Walipoingia Shangazi alikuwa akiangalia vibandiko vya bei, hakumtazama mhudumu. "Unasemaje, Jicho?"

Jicho alikumbuka kucha za yule kijana wa mikate. Zilikuwa na weusi weusi. Alikuwa na hakika, karibu hakika, kwamba hakunawa. Maneno yalimfika hadi ulimini, akayarudisha.

"Sikuona akinawa. Ila na sisi tulipoingia tayari alikuwa ameshika mkate, kwa hiyo kabla ya hapo sijui."

"Tuandikeje?"

"Andika hatukuona."

Shangazi aliandika, kisha akaweka simu mapajani.

"Sikukatazi kushuku, mwanangu," akasema. "Ulipoushuku ule ujumbe wa matapeli, ulifanya nini? Uliuliza, nami nikapiga simu, tukajua. Kwa yule dada wa viatu hukuuliza. Ulishuku, ukajijibu mwenyewe, ukasema umeona. Ukimshuku mtu, uliza, chunguza, tazama vizuri. Lakini ukiitwa kusema, sema ulichokiona, na usichokijua kubali kwamba hukijui. Neno lako moja linaweza kumtoa mtu kazini, naye hata asijue ni nani aliyemtoa."

Jicho aliitikia kwa kichwa. Jumatatu asubuhi alimkuta muuza maziwa mlangoni, akamuuliza kwa heshima, uso kwa uso, kama huwa anaongeza maji.

Muuza maziwa alicheka mpaka akaegemea baiskeli. "Miaka miwili nakuona dirishani na glasi yako," akasema. "Nilikuwa nangoja tu uniulize."