Aligonga Mara Tatu

Soko la vyuma chakavu halina adabu ya sauti. Huyu anapiga nyundo, yule anakereza kwa msumeno, na mwenye redio naye hataki kushindwa. Kwa hiyo binti mjalidi vitabu, aliyekuja kutafuta bamba zito la kubania vitabu vyenye gundi mbichi, hakutarajia kusikia mtu akigonga mlango. Lakini alisikia. Ko. Ko. Ko. Kisha kimya. Akasimama katikati ya njia, mkokoteni ukamkosa kidogo, na mwenye mkokoteni akamtukania ukoo mzima.

Aliyegonga alikuwa kijana mrefu, shati la bluu limekosewa vifungo, hedfoni masikioni. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa chuma, wa aina ile inayofungwa kwenye vyumba vya baridi viwandani, na kipaza sauti amekisogeza karibu kama anayeusikiliza moyo wa mgonjwa.

"Samahani, kaka. Hodi hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye kitabu," akajibu bila kugeuka. "Hukijui."

"Daktari amebaki nje, hewa inamwishia. Anagonga mara tatu, polepole. Mchumba wake yuko ndani ameshika komeo, hafungui, maana akifungua watakufa wote tisini. Nisikijue vipi na nimekishona upya mara nne?"

Kijana akavua hedfoni, akageuka. Akaona gauni la kijani, aproni yenye madoa ya gundi, uzi mweupe umening'inia shingoni, na macho yasiyocheka.

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta soko zima."

"Unanitafuta ndani ya mlango?"

Akacheka, akajieleza. Alikuwa fundi wa sauti, na kitabu kile cha zamani cha sayari ya mbali, *Hewa ya Watu Tisini*, kilikuwa kinatengenezwa filamu. Uso wa binti ukajifunga papo hapo.

"Mtakiharibu."

"Hujaiona hata, dada yangu!"

"Niione ya nini? Kile cha watu wa mwezini mliongeza muziki na wacheza dansi. Kile cha roboti mzee mkamfanya barobaro mwenye kifua. Nyinyi mkipewa kitabu ni kama fisi kapewa bucha."

"Hiki hakibadilishwi. Nimesoma mwongozo wote. Daktari anagonga mara tatu, mlango haufunguliwi."

"Apa."

"Naapa."

Kuapa mbele ya msichana mzuri ni rahisi kuliko kumeza mate. Namlaumu, ila si sana. Siku ile alikuwa anasema kweli.

Mapenzi yakaanza na bamba la chuma alilombebea mpaka karakanani kwake, yakaendelea kwa simu. Kijana alimwita binti Gundi, naye akaitwa Kelele.

"Gundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula sauti yako, nimeshiba."

"Shiba hiyo haifiki saa saba. Nenda ukale, Kelele."

Mwezi wa pili Gundi akampeleka nyumbani kwao. Kijana alikuwa amepiga pasi mpaka soksi. Walipofika mlangoni akainua mkono agonge, Gundi akaudaka kwa nguvu, kucha zikamwingia.

"Kwetu hatugongi."

Mlango wenyewe ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi mvua ikinyesha, ulikuwa wazi vumbi likiingia, na kizingiti chake kilikuwa kimeoza kwa maji. Mgeni wa nyumba ile aliita kutoka uani. Ndani alikaa mama yake Gundi, na kwenye kiti cha karibu kabisa na mlango alikaa baba yake mdogo, mzee mpole mwenye mikono mikubwa, asiyependa mtu aukaribie ule mlango kuufunga.

Baadaye, wakirudi, Gundi akamweleza. Baba yake na baba yake mdogo walifanya kazi kiwanda cha barafu. Siku bomba la gesi lilipopasuka, baba yake aliingia chumba cha mitambo kwenda kufunga valvu. Alimwambia mdogo wake, "Nikishaingia funga, na usifungue mpaka king'ora kinyamaze, hata iweje." Wafanyakazi arobaini walikuwa upande huu wa mlango. Mdogo mtu akafunga, akashika komeo. King'ora kiliponyamaza, kaka yake alikuwa amekufa.

"Mama hakusema naye mwaka mzima. Si salamu, si nini. Halafu mtu akampa mama kile kitabu. Akakisoma, akamwita shemeji yake, akamsomea na yeye. Baba mdogo akasema, 'Hata kaka aligonga hivyo. Mara tatu tu, ya kuaga.' Siku hiyo mama akamwekea sahani mezani. Ndiyo kisa cha sisi kuwa familia, Kelele. Kwa hiyo nikikuuliza kuhusu huo mlango, usinione mtoto."

"Siwezi."

"Yeye na mama wanataka kuja kuiona filamu. Baba mdogo ameshatoa koti lake."

Kijana akamshika mkono.

Haikupita wiki mbili, mtayarishaji wa filamu akawaita mafundi wake. Filamu ilikuwa imeonyeshwa kwa watu wachache wa kujaribia, wakatoka wamenuna. Hakuna anayelipa kiingilio akalie, alisema mtayarishaji. Mlango ufunguliwe. Daktari aokolewe. Na harusi iwepo.

"Na hewa?" akauliza fundi wa sauti.

"Hewa gani?"

Alibishana siku ile, akabishana ya pili. Siku ya tatu alikuwa amekaa studio na bawaba ya ule mlango wa sokoni mapajani, akiipaka mafuta na kuifuta ili apate mlio mzuri wa kufunguka, simu ikaita.

"Kelele, nimekata tiketi nne. Mama ameshona gauni jipya. Niambie tu, mpenzi, mlango haufunguki?"

Akaitazama bawaba. Alijiambia muda bado upo, kesho atawageuza.

"Haufunguki, mpenzi."

"Najua. Nilitaka tu kukusikia."

Siku ya kwanza ya maonyesho, saa tisa alasiri, ukumbi wa sinema ulijaa. Wasomaji wa kile kitabu walikuja na nakala zao kwapani, nyingine Gundi alizitambua kwa mishono yake mwenyewe. Fundi wa sauti hakuketi. Tiketi yake ilikuwa mfukoni, naye alijibanza nyuma karibu na pazia. Gundi alikaa katikati, mama kulia katika gauni la zambarau, baba mdogo kushoto ndani ya koti lililombana mabega.

Ikafika pale. Ko. Ko. Ko. Baba mdogo akainamisha kichwa kama aliye ibadani.

Halafu bawaba ikalia.

Mlango ukafunguka. Daktari akaangukia kifuani kwa mchumba wake, wakabusiana, watu tisini wakapiga makofi, na kabla mtu hajafikicha macho, harusi. Nusu ya ukumbi ikashangilia. Nusu nyingine ikapandwa na mori. "Rudisheni kitabu!" Mwalimu mmoja mstaafu wa fizikia akapanda juu ya kiti. "Hewa imetoka wapi? Nauliza, hewa imetoka wapi?" Mwanamke mmoja alikuwa analia kabisa, nakala yake kaikumbatia.

Baba mdogo hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Kumbe unafunguka."

"Ni sinema tu, shemeji," akasema mama.

"Amefungua, shemeji. Umeona mwenyewe. Amefungua, na hakuna aliyekufa."

Mama alikuwa anatazama kioo cha sinema, hakumtazama yeye, na Gundi akahisi miaka ishirini ya sahani zile mezani ikitikisika.

Akainuka, na pale nyuma akamkuta Kelele.

"Ulijua?"

"Siku kumi sasa. Gundi, nilikuwa nabishana nao, nilidhani—"

"Nilikuuliza kwa simu."

"Uliniuliza."

"Na mlio wa bawaba, nani aliutengeneza?"

"Mimi."

"Basi uliyeufungua ni wewe."

Jioni ile baba mdogo aliingia chumbani kwake, akafunga mlango. Kwa kufuli. Mlango ambao haukuwahi kufungwa tangu Gundi apate akili.

Hakutoka kula usiku wala asubuhi. Sahani ziliwekwa chini, zikaondolewa zikiwa vilevile. Simu ya Gundi ilinguruma kutwa. Kundi la wasomaji lilikuwa na jumbe mia tatu. Walitaka barua ya kudai filamu iondolewe, na walitaka yeye aiandike, maana nani anakijua kile kitabu kumzidi? Hakujibu. Wenzake walikuwa wameharibiwa kitabu. Yeye alikuwa anaharibikiwa na mtu, na mtu hashonwi kwa uzi.

Siku ya tatu asubuhi mama akasema, "Hata maji hajagusa." Sauti yake ilikuwa kavu. "Leo nitaita watu wavunje mlango."

"Mama, ukivunja..."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana sijavunja."

Ndipo wakasikia mtu anaita kutoka uani. Hakugonga.

"Sina haja na wewe," Gundi akamwambia pale kizingitini.

"Sijaja kwa ajili yako. Nimesikia habari za mzee." Shati lilikuwa limekosewa vifungo tena, macho mekundu. "Mwisho wenyewe ninao. Waliniambia niufute, sikuufuta. Niache nimsikilizishe, halafu nitaondoka na hutaniona."

Gundi alitaka kumfukuza. Alimpenda na alitaka kumfukuza, vyote kwa pamoja. Akampisha.

Kijana akakaa sakafuni nje ya chumba cha mzee, akaweka kinasa sauti chini. "Shikamoo, mzee."

Kimya.

"Mzee, kile mlichokiona si mwisho wake. Sikiliza."

Ukavuma upepo wa ile sayari ya mbali. Ikasikika pumzi ya mtu aliyeshika komeo. Ko. Ko. Ko. Kisha kimya kirefu, mpaka king'ora kikanyamaza. Mama alikuwa amesimama na sahani mkononi.

Kutoka ndani sauti ikasema, "Si tatu."

"Umesema nini, shemeji?"

Kufuli ikalia. Baba mdogo akatokea, koti bado mwilini, midomo imepasuka.

"Kaka hakugonga mara tatu. Nilihesabu mpaka arobaini nikaacha kuhesabu. Alikuwa ananiita. Alisema, fungua, mdogo wangu, fungua." Akaushika mwimo wa mlango. "Shemeji, uliponisomea kitabu ukafika penye hodi tatu, ukaniuliza, naye aligonga hivi? Nikasema hivyohivyo. Ukaniwekea sahani. Miaka ishirini nakula chakula cha uongo."

Gundi akaegemea ukuta. Kile kitabu alichokilinda asiguse mtu, wa kwanza kukigeuza alikuwa hapa hapa nyumbani.

Mama akaiweka sahani chini, polepole, isigonge sakafu.

"Shemeji, nani aliyeitwa kwenda kumtambua?"

"Wewe."

"Niliishika mikono yake. Vifundo vilikuwa vimechubuka mpaka mfupa. Mtu hachubuki hivyo kwa kugonga mara tatu."

Mzee akamtazama kama asiyemjua. "Ulijua?"

"Kabla hujafungua mdomo."

"Basi kwa nini uliniuliza?"

"Mwaka mzima nilikuchukia, nikachoka. Kweli ulikuwa huwezi kuisema, na mimi nilikuwa siwezi kuwapoteza wote wawili. Nikakupa cha kushika." Sasa alikuwa analia waziwazi. "Wale arobaini walirudi kwa watoto wao. Ungefungua, ningetambua mikono mingapi siku ile? Njoo ule, shemeji. Ni chakula tu. Hakina uongo."

Mzee akaketi palepale chini, akachukua sahani, akala.

Gundi akamgeukia kijana, akamwona ameganda, anakitazama kinasa sauti. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inawaka. Wakati mzee anaanza kusema, kidole cha kijana kilikuwa kimebonyeza kurekodi, kwa mazoea ya kazi, kama fundi cherehani anavyookota sindano. Hakuna mwigizaji duniani angetoa sauti ile. Naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani.

Akamwonyesha Gundi ile taa, asimfiche. Akabonyeza kufuta. Akasubiri mpaka sauti yote ikafutika.

"Kelele," Gundi akasema kwa sauti ndogo, "umekula?"

"Tangu juzi sijala."

"Kaa basi."

Kazi alifukuzwa, maana ule mwisho aliouhifadhi aliwapa pia wasomaji, na mwalimu wa fizikia akausambaza mji mzima. Alianza upya kwa kurekodi matangazo ya maduka.

Mwezi mmoja baadaye alikuja nyumbani kwao Gundi, suruali ya pasi, pete mfukoni. Akakuta mlango umefungwa. Akarudi uani, akaita. Akaita tena.

"Nani huyo?" Ilikuwa sauti ya mzee, karibu kabisa, nyuma ya ubao.

"Ni mimi, baba mdogo. Nimekuja kuwaomba jambo."

"Sisikii mtu akigonga."

Kijana akasogea mlangoni. Ndani, Gundi na mama yake walikuwa wamesimama wameshikana mikono, wakimtazama mzee aliyeweka kiganja chake kikubwa juu ya komeo, jasho likimtoka.

Ko.

Mzee akafumba macho.

Ko.

Fundi wa sauti akainua ngumi kwa mara ya tatu, na ikabaki hewani, kwa sababu mlango ulikuwa umeshafunguliwa.